Hoja Iliyoungwa Mkono na Fundi Moffat

Wako watu waliopigwa kalamu wakalia, wako waliopigwa kalamu wakakimbilia kortini, na yuko Moffat Wamae wa Mweiga, ambaye siku ya kupigwa kalamu alisimama mbele ya watu mia nne akaiunga mkono hoja yenyewe. Kisa hicho utakisikia katika bucha yoyote ya pale mjini, ila anayekisimulia vizuri kuliko wote ni Moffat mwenyewe, akiwa kwenye benchi karibu na jiko la nyama, miguu ameitandaza kama mtu aliyestaafu kwa heshima zote.

"Ilikuwa mkutano ya mwaka ya ushirika ya maziwa," huanza. "Jua imewaka, watu wamejaa kwa hema, maombi peke yake imekula nusu saa. Mimi niko hapo kama mwanachama, si unajua niko na ng'ombe mbili. Mwenyekiti anasoma maazimio. Ya kwanza, ya pili, ya tano. Mimi macho iko kwa pikapu, naangalia makreti ya soda ikishushwa. Kufika ya saba nasikia, 'Nani anaunga mkono?' Nikajua ni mambo ya soda imefika! Nikaruka juu, 'Naunga, mwenyekiti!' Watu wakapiga makofi, jina yangu ikaandikwa. Kumbe nimeunga nifutwe kazi!"

Hapo bucha nzima huvunjika mbavu. Mwenye bucha, aliyekisikia kisa hicho mara thelathini, bado hulazimika kuweka kisu chini. Mmoja humlipia Moffat chai, mwingine humwongezea kipande cha mutura, ule utumbo uliojazwa nyama, na aliyetoka Nairobi kuja kuangalia shamba lake huomba kirudiwe toka mwanzo. Nacho hakirudi kilivyokuwa. Mwezi wa kwanza Moffat aliinua mkono tu. Mwezi wa pili akasimama. Kufikia Pasaka alikuwa amepanda juu ya kiti.

Ni kisa kizuri sana. Kasoro yake ni kwamba nusu yake ni uongo.

Kwamba aliunga mkono ni kweli, tena imeandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Uongo ni ule wa soda. Moffat alijua barabara alichokuwa akikiunga, kwa sababu alikuwa amekiandika yeye, neno kwa neno, hadi vituo. Akaona heri mji mzima umwite mjinga wa soda kuliko umwite kwa lile jina lingine, ambalo hata yeye hakutaka kulitafuta.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi mkuu wa ushirika huo ulio nje kidogo ya Mweiga. Idara ya ufundi ilikuwa na watu watatu: yeye, Griffins wa boila, na Wakonyo wa umeme. Maziwa ya wakulima yaliingia asubuhi yakiwa na joto la ng'ombe, na watatu hao ndio waliohakikisha yamepoa kwenye tanki kubwa kabla hayajaharibika. Hakuna aliyewashukuru, kwa kuwa maziwa yakipoa hakuna habari. Moffat hakuwahi kulijali hilo, mpaka siku alipotumwa semina.

Semina ilikuwa Nanyuki, siku tatu, katika hoteli ambayo ukikaa mezani unauona Mlima Kenya wote dirishani bila kulipa zaidi. Aliyepaswa kwenda ni mwenyekiti wa ushirika, Gathogo, lakini alikuwa na harusi ya mpwa wake, basi akamtuma fundi. Mlangoni msichana alimpa Moffat mkoba, kalamu, na kitambulisho cha kuvaa shingoni kilichoandikwa "Inj. M. Wamae". Moffat hakuwa injinia. Alikuwa na cheti cha fundi na akili zake. Lakini alikitazama kile kitambulisho, akakitazama tena, akaona si adabu kumsahihisha binti wa watu.

Kuanzia hapo kichwa kilivimba na hakikupungua. Mhadhiri alieleza kwamba biashara ya kisasa haifugi mafundi. Kazi za ufundi hupewa kampuni ya nje, inalipwa kwa mkataba, na ndani anabaki mtu mmoja tu mwenye busara na uzoefu wa kuisimamia hiyo mikataba. Moffat akaangaza macho ukumbi mzima kumtafuta huyo mtu mmoja mwenye busara, akaona ni yeye. Alifika nyumbani bado amekivaa kile kitambulisho. Mkewe, Nyawira, alimwuliza kama ameandikwa kazi ya askari wa benki.

Wiki tatu alikaa mbele ya kompyuta ya mhasibu, akibonyeza kwa vidole viwili. Ikatoka ripoti ya kurasa kumi na nne. Ukurasa wa kumi na moja ulisema idara ya ufundi ifungwe, kazi ipewe kampuni ya nje, na "watumishi wengine wawili" walipwe haki zao waende. Ukurasa wa kumi na nne ulipendekeza cheo kipya cha Mratibu wa Mikataba ya Kiufundi, na sifa za atakayekipata: uzoefu usiopungua miaka ishirini, mkazi wa Mweiga, tena awe mfugaji. Alibakiza tu kutaja saizi ya viatu vya mtu huyo.

Kamati ilisoma kurasa kumi na tatu ikazikubali zote. Ilipofika ya kumi na nne, Gathogo akakuna kichwa. "Hii ripoti inatuambia tupunguze watu," akasema. "Sasa hii ya mwisho inaongeza mtu. Hapana, huyu Moffat ni mtu wa akili, aliweka hii kutupima kama tunasoma." Wakaung'oa ukurasa wa mwisho, wakajipongeza kwa kufaulu mtihani. Hakuna aliyemwambia Moffat. Kwa wanachama walisema ripoti imeletwa na wataalamu, kwa sababu ushauri wa mtu wa Mweiga hauna bei, na wanachama wakaelewa kwamba wataalamu ni watu wa Nairobi.

Ndiyo maana siku ya mkutano Moffat alivaa tai. Azimio la saba liliposomwa, alisimama kwa madaha, akaunga mkono kwa sauti ya mtu anayepokea cheo. Wiki moja baadaye alipokea barua. Ilikuwa sawasawa na ya Griffins na ya Wakonyo, jina tu ndilo lililobadilishwa. Alikwenda kwa Gathogo, ripoti mkononi, akimwonyesha ukurasa wa kumi na nne. Gathogo aliusoma upya, taratibu, kisha akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Kwani hii ilikuwa ya ukweli?" akauliza.

Basi unga ukamwagika, na aliyeumwaga ndiye aliyekuwa ameubeba. Griffins alirudi kwao Murang'a kupanda parachichi. Moffat na Wakonyo wakakodi kibanda nyuma ya kinu cha posho, wakawa wanatengeneza friji za watu, pampu za maji na mota za mashine za kukata nyasi ya ng'ombe. Kazi ikija wanagawana. Isipokuja, wanakaa wakimsema mwandishi wa ripoti.

Yaani Wakonyo ndiye aliyemsema. Alikuja kwa Moffat miaka minane nyuma, msichana aliyetoka tu chuo cha ufundi Nyeri na boksi la bisibisi la kuazima, na yote aliyoyajua kuhusu lile tanki alifundishwa na Moffat, aliyemwambia asiiamini geji, auamini mkono wake. Sasa alikuwa na umri wa miaka thelathini, ana mtoto wake Mwai na mama yake mzee wa kuwatunza, na alikuwa na neno moja kuhusu mtaalamu wa Nairobi.

"Mimi sitaki kumpiga," alikuwa akisema huku akifungua friji ya mtu. "Nataka tu nimwone uso. Nimuulize, wewe, ushawahi shika bisibisi kwa hii maisha yako?"

"Hao watu wa Nairobi ni wabaya sana," Moffat alijibu, masikio yakimwaka moto.

Aliona aibu, tena aibu ya kumkosesha mtu usingizi. Na kila Jumapili ilizidi, maana mama yake Wakonyo, alipopewa nafasi ya kuomba kanisani, hakumsahau mtumishi wa Mungu Moffat, aliyeonewa na wakubwa. Moffat alikuwa akisema amina pamoja na wengine. Angefanyaje?

Tusimpambe. Angeendelea kusema amina mpaka azeeke, kama Miriti asingekuja.

Miriti alikuwa kijana wa Meru, meneja wa ile kampuni ya Nanyuki iliyopewa kazi ya ushirika. Alikuja Alhamisi moja na pikapu, akamkuta Moffat peke yake kibandani. Akaeleza bila kuficha: tanki limewashinda mara mbili, maziwa ya asubuhi nzima yamemwagwa, na fundi wao akitoka Nanyuki hufika maziwa yameshaganda kuwa mala. Wameamua kuweka mtu mmoja palepale.

"Tunamwandika Wakonyo," Miriti alisema. "Kontrakti ya miezi tatu tatu. Mshahara ni nusu ya ile ya zamani."

"Na kazi?"

"Kazi ni ileile ya nyinyi watatu."

Moffat akataka kukasirika, lakini Miriti alikuwa tayari ametoa kwenye mkoba kitu kilichovalishwa jalada la plastiki. Ilikuwa ripoti yake, kurasa kumi na tatu. "Mwenyekiti alituambia ni wewe uliandika. Hii kitu, mzee, ni kali," Miriti akasema. "Tunataka uwe mshauri wetu. Uende Othaya, Murang'a, mpaka kwetu Meru, uandikie kila ushirika kama hii. Wakulima wakisikia ni fundi mwenyewe alisema mafundi watolewe, nani atabisha?"

Mtu mwingine angemfukuza. Moffat, na hili hajawahi kulisimulia buchani, aliuliza kwanza kama kadi yake itaandikwa injinia. Alipoambiwa kadi inaandikwa chochote, alifurahi kwa muda wa kutosha kabisa. Hata aliwaza avae tai ya rangi gani.

Kisha Miriti, akiondoka, akasema, "Jumatatu Wakonyo akija kusaini nitampatia hii asome. Kila mtu tukimwandika anasoma kwanza, ndio ajue kampuni inataka nini. Atafurahi akijua ni mwalimu wake aliandika."

Furaha ikaisha hapo. Kutoka Alhamisi hadi Jumatatu ni siku tatu za kusema jambo moja, na Moffat aliona kwamba akisema yeye mwenyewe huenda akasamehewa, lakini Wakonyo akilikuta mezani kwa Miriti, basi.

Ijumaa Wakonyo alifika kibandani na chapati zimefungwa kwenye gazeti, ameshapigiwa simu. "Nusu mshahara ni nusu, lakini ni kitu," akasema. "Na Fundi, nikishaingia ndani, nitatafuta njia na wewe urudi. Siwezi kukaa na hiyo tanki bila wewe." Moffat akatafuna chapati, akatania kwamba akirudi ataanza kwa kuunga mkono mshahara wake upunguzwe. Wakonyo akacheka. Siku ikapita.

Jumamosi alimwambia mkewe, akidhani anamfungulia siri kubwa.

"Mimi nilijua kitambo, Baba Wangui," Nyawira akasema. "Niliona hiyo karatasi kwa suruali yako. Ni nani mwingine huandika kazi ya ofisi lazima mtu awe mfugaji?" Akamtazama kwa makini. "Mwambie huyo msichana. Na usimwambie ukicheka."

Jumapili, baada ya ibada, Moffat akaenda nyumbani kwa Wakonyo, nakala yake ya ripoti ikiwa ndani ya koti. Wakonyo alikuwa nje kwenye kigoda, amebadilisha nguo za kanisani, anafungua mota ya mashine ya nyasi ya jirani. Mama yake alikuwa jikoni akipika chai. Moffat hakukaa alipoonyeshwa kiti.

"Wakonyo, ile ripoti ni mimi niliandika."

Wakonyo aliinua uso, akamtazama kidogo, kisha akaangua kicheko. "Fundi! Sasa umetoka kwa soda umeingia kwa ripoti?"

"Nakwambia ukweli. Gathogo alinituma semina Nanyuki. Wakanipatia kitambulisho, imeandikwa injinia..."

"Injinia!" Wakonyo aliweka bisibisi chini ajifute macho.

"Ndiyo. Nikaona mimi ndio nitabaki. Nikajiandikia kazi ukurasa ya mwisho. Nikasema huyo mtu lazima awe na ng'ombe."

Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Wakonyo alijishika mbavu. "Maitu, kuja usikie!" akamwita mama yake. "Fundi ametoa mpya!" Mama akatoka na mwiko mkononi, akasimuliwa ya ng'ombe, akacheka hadi akashika mlango. Akasema Mungu amempa mtu huyu moyo wa ajabu. Mwingine akitendewa vile angekuwa na uchungu, lakini yeye anawafurahisha watu. Akarudi jikoni akijisemea.

Mwaka mzima Moffat alikuwa amewafundisha watu kumcheka, na sasa walikuwa wamefuzu. Kila ukweli aliouleta ulipokelewa kama utani, na ukweli mkubwa ulichekesha zaidi. Akawaza kuuacha tu hapo. Angeweza kukaa, akanywa chai, na Jumatatu akasema, lakini si nilikuambia? Aliliwaza jambo hilo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kulisema. Halafu akatoa ripoti kwenye koti akampa.

Ilikuwa nakala yake mwenyewe, yenye masahihisho ya kalamu pembeni. Mwandiko huo Wakonyo aliujua kama sauti ya mtu. Kwa miaka minane alikuwa ameusoma kwenye kila swichi na kila waya wa ushirika. Alianza kusoma bado akitabasamu. Alipofika ukurasa wa tatu kicheko kilikuwa kinasikika jikoni tu.

Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Akafika ukurasa wa kumi na moja, akasimama hapo. Akarudi wa kwanza, akaupitia upya, na wa pili, na wa tatu, kama anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Mimi niko wapi hapa?" akauliza.

Moffat akainama, akamwonyesha.

"Watumishi wengine wawili," Wakonyo akasoma. "Hiyo ni mimi?"

"Ni wewe na Griffins."

"Kwani ulikuwa umesahau jina yangu?"

"Hapana."

"Sasa mbona hukuandika?"

Moffat hakuwa amewahi kujiuliza, lakini jibu lilikuwa tayari. "Ningeandika jina yako, singemaliza hiyo ukurasa."

Wakonyo alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa waya ulipokatika. "Alhamisi niliona pikapu ya Miriti kwa kibanda," akasema. "Wewe wamekuambia nini?"

"Wanataka niandikie ushirika zingine. Othaya, Murang'a, Meru."

"Umekataa?"

Angeweza kudanganya, na kwa kweli alikusudia kukataa, siku moja. "Bado," akasema.

Wakonyo aliikunja ripoti akamrudishia. Hakupaza sauti wala hakulia, na Moffat alitamani afanye kimojawapo.

"Kesho naenda kusaini," akasema. "Niko na mama na mtoto. Hiyo tanki ikinishinda sitakupigia simu. Nitapigia Griffins. Alibadilisha laini, nipatie namba."

Griffins alikuwa mtu wa boila. Tanki hakuwahi kuligusa. Alikuwa akilipita kwa mbali, kama mtu anavyompita mbwa asiyemwamini. Wote wawili walilijua hilo vizuri, na palikuwa na utani mzuri sana hapo, labda mzuri kuliko wote aliowahi kuusimulia. Moffat aliusikia ukimjia mdomoni mzimamzima. Akaumeza. Alitoa simu akamsomea namba, tarakimu moja moja, na Wakonyo akaiandika kwenye kiganja.

"Chai imeiva!" mama akaita kutoka jikoni, sauti bado ina kicheko. "Mwambie Fundi asiende, nataka anirudie ile ya ng'ombe!"

"Mgeni anaenda, Maitu," Wakonyo akasema, akaokota bisibisi yake.